Neno la Mjukuu

Bi Salme hakuwa amesemezana na mwanawe tangu kijana huyo aoe ughaibuni bila kumshauri. Leo alipiga simu mjukuu, asiyejua Kiswahili, na neno moja tu lilimkaa bibi masikioni. Akamwita jirani yake, mwalimu Kheri.

"Baba, 'miss' ndiyo nini?"

"Kukosa. Basi likikuacha, umelikosa."

"Na mtu je?"

Kheri akapunguza sauti. "Mtu, Bi Salme, ni kwamba hayupo, na mwenzake anaumia."

Bi Salme akakaa kizingitini. Mtoto huyo hajawahi hata kumshika mkono.

"Nifundishe kulitamka sawasawa."

Alilirudia mpaka ulimi ukalizoea. Kisha akampigia mwanawe. Simu ikaanza kuita, naye akainuka, akajitanda kanga vizuri kama aliyebishiwa hodi.