Wimbo Uliokataa Kuisha

Gitaa la Delmar Tuttle lilikuwa limekataa kunyamaza.

Mwimbaji wa bendi yao alikuwa amemaliza ubeti wa mwisho, ameinamia watu kwa heshima, amenyooka, ameinama tena, na hatimaye ameketi juu ya spika kama mzigo uliosahauliwa stesheni. "Kivuko cha Ocmulgee" ulikuwa wimbo wa dakika tatu. Ndivyo ulivyotungwa, na ndivyo alivyoutaka Bwana Ackerman, mtu wa kampuni ya santuri aliyeshuka kutoka Atlanta mchana ule kuisikiliza bendi. Alikuwa meza ya mbele, saa yake ameivua na kuilaza kando ya bia.

"Maliza, bwana wee," Wendell alinong'ona kutoka kwenye ngoma. "Jamaa anatazama saa. Au unataka turudi shambani kung'oa karanga?"

"Wewe piga," Delmar alisema bila kugeuka.

Macho yake yalikuwa mlangoni. Pale, chini ya feni iliyokufa, alisimama Mchungaji Hosea Tuttle, baba yake mzazi, kofia mkononi, ndani ya ukumbi wa pombe ambao yeye mwenyewe alikuwa akiupeleka jehanamu karibu kila Jumapili.

Baba na mwana hawakuwa wamesemezana tangu Delmar alipoacha gitaa la kanisa akafuata bendi. Mchungaji alitangaza kwamba hatamfuata mwana mpotevu hata hatua moja. Mwana ndiye hurudi, kama ilivyoandikwa. Mwana naye alikuwa amerithi shingo ile ile, akajibu kwamba njia ni moja na miguu ya mzee haina kasoro. Basi mwaka ukapita, ukafuata wa pili, na mama akawa anapika Krismasi mbili, moja ya kila mmoja.

Sasa mzee alikuwa ukumbini. Umebaki upana wa chumba tu, na Delmar aliapa kwamba gitaa lake litaumaliza.

Kazi hiyo aliijua. Tangu miguu yake haijagusa sakafu akiwa kitini, yeye ndiye aliyepiga wimbo wa mwito katika kanisa la baba yake, mahubiri yakiisha na wenye dhambi wakiitwa mbele. Kanuni ni kwamba mpiga gitaa hanyamazi mpaka mtu ajitokeze. Asipojitokeza, rudia. Kila ukirudia, ongeza moto. Jumapili moja ya Agosti mioyo ilikuwa migumu kweli kweli, na kuku wa mji mzima wakageuka makaa majikoni huku wenye kuku wamesimama kanisani, hakuna wa kujitokeza, hakuna wa kuondoka.

Dalili nazo alifundishwa na mzee mwenyewe. Mtazame anayehama mguu huu kwenda huu, alikuwa akimwambia. Anayepindapinda kofia. Anayeutupia mlango jicho. Huyo ameshashikwa, usimwachie.

Mchungaji Hosea alihama mguu. Akaipinda kofia mpaka ikasahau umbo lake. Akautupia mlango jicho, akapiga nusu hatua kuuelekea, kisha akarudi kama aliyevutwa shati kwa nyuma. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Delmar akafikiri: maskini mzee, ameshikwa katikati ya kazi, akatoka mbio hata hajanawa.

Akaongeza moto.

Akairudia sehemu ile ya mwisho, akairudia tena, kila mara kwa kasi zaidi, mpaka Wendell akaacha kulalamika kwa sababu alihitaji pumzi. Uzi mmoja ulikatika. Delmar akaendelea na zilizobaki. Ncha za vidole zilimwaka, jasho lilimwingia machoni, na hakuthubutu kulifuta. Mkono ukitoka kwenye gitaa, mzee atatoka mlangoni, na safari hii hatarudi.

Bi Verna, mwenye ukumbi, alikuwa amekasirika. Tangu wimbo urefuke hajauza hata chupa moja. Wakata mbao na madereva wa malori walikuwa wameacha kucheza, wamevua kofia, wamesimama wima. Dereva mmoja alishika chupa yake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyekwenda kaunta, hakuna hata aliyekwenda msalani.

Bwana Ackerman aligeuka kuwatazama watu hao. Akawatazama sana. Kisha akaichukua saa yake na kuitia mfukoni, na kwa sauti ya mtu aliyeona kijiti kikiwaka bila kuungua, akamwambia Bi Verna kwamba katika maisha yake yote ya kuuza santuri hajaona umati uliogandishwa hivi na gitaa. Wimbo anauchukua. Anauchukua na urefu wake wote, asikatwe mtu kidole wala wimbo kipande.

Delmar hakusikia neno. Mchungaji Hosea alikuwa amejitokeza.

Alikuja taratibu, katikati ya ukumbi, na watu wakampisha. Mama mmoja kwenye meza za nyuma alisema "Amina" na kujifuta pua. Gitaa lililia kama halijawahi kulia, na mwenye gitaa pia. Mzee alifika jukwaani, akaweka kiganja chenye grisi juu ya mbao, akainua uso, na Delmar akainama mpaka masikio yao yakakaribiana, vidole vikiendelea.

"Delmar," baba yake alisema, "mama yako yuko garini juani. Tairi limepasuka, nikaingia kuazima jeki. Lakini tangu nizaliwe sijatoka mahali wimbo wa mwito ukiendelea, na naona hata hawa walevi wako hawathubutu. Funga wimbo, mwanangu, sote tutoke."