Kundi la Waliochelewa

"Gonga, mwanangu! Gonga mara moja tu, baba asikie!"

Ghanshyam alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitabu cha maswali mkononi, jasho likimtiririka ingawa feni ilikuwa inazunguka. Mwanafunzi hakugonga.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake tangu mwanzo: hasemi neno. Baba yake humsomea swali la fizikia na majibu yake manne, A mpaka D, na likifika jibu analolitaka, hugonga. Siku nyingine hugonga kwa hasira. Siku nyingine hukaa kimya mle ndani, gizani, amejikunja, wala hakuna wa kumlazimisha.

"Mwache apumzike," alisema Sulochana, mkewe, ameegemea ukuta kitandani. "Usiku kucha hakutulia. Hata mimi sikulala."

"Atapumzika akishakuwa injinia."

"Mbona wewe ulipumzika bila kuwa injinia?"

Neno hilo lilimchoma. Ghanshyam alifanya mtihani wa kuingia chuo cha uinjinia mara tatu, akaanguka mara tatu, na mara zote tatu alisomea Kundi la Waliochelewa. Humo ndimo kituo cha masomo kilimorundika wale ambao ada zao zilitakiwa lakini sura zao hazikutakiwa. Siku hizi ana duka la kutoa nakala za mitihani ya zamani, na ng'ambo ya duka limesimama bango la vijana wa Kundi la Nyota, wale bora wa kituo hichohicho, meno nje, kila mmoja na nafasi aliyoshika nchi nzima. Kila asubuhi akifungua mlango huwaona wakimcheka. Mji mzima wa Kota umejaa mabango kama hayo, lakini hilo moja ndilo lililomnyima raha. Mwanawe angekaa hapo juu, upande wa kushoto. Mahali ameshapachagua.

Na leo ndiyo leo. Mwalimu Tripathi, bingwa wa fizikia wa kituo hicho, amekubali kuja nyumbani kumsaili mwanafunzi. Kundi la Nyota limebakiza nafasi moja. Nyingine ameipata mtoto wa Maheshwari, jirani yao, tena bila hata kusailiwa. Ghanshyam alisema hana wivu. Alikuwa akisema hivyo kila siku.

Mtindi wenye sukari, ambao kila anayekwenda kwenye mtihani hulishwa kwa baraka, ulikuwa tayari kwenye bakuli. Kwa kuwa mwanafunzi hakujitokeza kuula, aliula Sulochana.

Mwalimu aliingia na miwani yake myeusi, akaguswa miguu kwa heshima, akapewa kachori, akavuta kiti karibu kabisa na kitanda.

"Anaelewa fizikia?" aliuliza.

"Anajitahidi kuielewa, Mwalimu."

"Mwambieni aache. Kuelewa kunakula muda. Kwetu tunafundisha kuyatupa majibu mabovu. Swali likiuliza kasi, jibu lenye kilo litupe. Likiuliza uzito wa mtu, jibu lenye uzito wa treni litupe. Yakibaki mawili, mwachie Mungu."

Ghanshyam alitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Moyoni alijuta: yeye alikuwa akimwachia Mungu yote manne.

Mwalimu alipaza sauti ili asikike mle ndani. "Mpira unaelea majini, robo tatu yake imezama. Uzito wake ni sehemu gani ya uzito wa maji ya ujazo uleule? A, robo. B, nusu. C, robo tatu..."

Sulochana alishtuka. "Amegonga!"

"C!" Ghanshyam aliruka. "Si nilikwambia, Mwalimu? Mambo ya kuelea hayampigi chenga hata siku moja."

"Hebu tumpe la lenzi." Mwalimu akasoma swali la pili, polepole, jibu baada ya jibu. Kimya. Akarudia. Kimya kilekile.

Ghanshyam aliuma kidole. Aliliona bango, aliona pale juu kushoto pakijazwa na meno ya mtoto wa mtu mwingine, na machozi yakamlenga kweli. "Mwanga bado hajaufikia, Mwalimu," alisihi. "Lakini ataufikia! Nakuapia ataufikia!"

"Kwani nani kalalamika?" Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ukikosea unakatwa alama, ukiacha hukatwi. Asilolijua kaliacha. Nina vijana wakubwa, nawaimbia hilo miaka miwili, na bado wanapapasa kila jibu kama wanatafuta swichi gizani. Huyu wa kwenu kichwa anacho."

Ghanshyam alimwangukia miguuni. Alilia tu, mtu mzima, mbele ya mkewe na mbele ya kachori.

"Basi mpe mgeni nafasi anywe chai," alisema Sulochana. "Mgongo huu utaniua." Akajivuta ukingoni mwa kitanda, akainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukishikilia tumbo kwa chini.

Mwalimu alilitazama lile tumbo. Akaacha kutafuna.

"Mwezi wa ngapi huo?"

"Wa nane, Mwalimu," Ghanshyam alijibu kwa fahari, akijifuta machozi.

"Wa nane!" Mwalimu aliirudisha kachori kwenye sahani. "Huyu basi ni wa Kundi la Waliochelewa, ndugu yangu. Wa Maheshwari nilimpokea kabla mama yake hajaanza hata kichefuchefu."