Viatu vya Kapteni

Kapteni Mwanaidi alipoangushwa na mpinzani, akabaki ameshika kifundo cha mguu katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu wa shule. Refa akatoa mitupo miwili ya adhabu. Timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na muda wa fainali ulikuwa umekwisha.

"Sikudhani, ingia utupe wewe," kocha alisema.

Msimu mzima Sikudhani alikaa benchi akiomba apate nafasi ya Mwanaidi. Ilipomjia kwa njia hii, alimtazama Mwanaidi kwanza. Akainuka, raba zake zilizolika soli zikateleza sakafuni.

"Njoo hapa," Mwanaidi alimwita, uso umemkunjamana kwa maumivu. Alikuwa anavua viatu vyake. "Vaa hivi."

"Dada, mimi nilikuwa naomba..."

"Najua ulichokuwa unaomba. Vaa, watu wanasubiri."

Viatu vilikuwa bado vina joto la miguu ya Mwanaidi. Sikudhani akafunga kamba, akaenda mstarini. Mtupo wa kwanza ukaingia. Sare.

Akautupa wa pili. Mpira ukatua juu ya pete ya kikapu, ukaanza kuizunguka polepole. Nyuma yake akalisikia benchi zima likiinuka, na Mwanaidi, amesimama kwa mguu mmoja, akiliita jina lake.