Mstari wa Kwanza

Jumatatu, tarehe 11 Oktoba 1999, saa mbili asubuhi. Watu watano wageni walikuwa wakiokota korosho katika shamba la Eusebio, Nkowe. Alipowauliza, walimjibu kwa upole kwamba wametumwa na mwenye shamba.

Mwenye shamba, kwa mujibu wa hati ya mauziano aliyokuwa nayo, alikuwa Bashiri, mfanyabiashara wa Ruangwa. Hati ilisema Eusebio alimuuzia mikorosho yote mwezi Machi. Mistari yake ilikuwa imeachanishwa ijaze ukurasa, na chini kabisa palikuwa na jina la Eusebio na sahihi yake.

Eusebio hakuwa ameuza hata tawi. Alikuwa fundi wa taipureta za umeme, Nachingwea. Chumbani kwake zilipangwa mashine kumi na moja kuukuu, alizozikusanya maofisini kompyuta zilipoingia. Nyingine alizifufua, nyingine alizichuna vipuri. Mbele ya baraza la kata aliishika hati, akaisogeza kwenye mwanga, akasema imepigwa kwa taipureta ya Bashiri mwenyewe. Herufi k ilikuwa imekatika mguu. Aliijua mashine hiyo, kwa kuwa aliitengeneza yeye, Machi hiyohiyo.

"Basi fundi, tumekubaliana," Bashiri alisema. "Ulikuja ofisini, ukatengeneza mashine, tukaandikishana palepale. Au ulitaka tuandike kwa mkaa?"

Watu walicheka. Karani alipoirudisha hati kwenye faili, ilizama katikati ya karatasi nyingine. Ilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Akaivuta juu, akaibana.

Sahihi ilipelekwa kwa mtaalamu wa maandishi. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu: ni ya Eusebio, haikughushiwa. Baraza likampa Bashiri shamba.

Mikorosho ile Eusebio aliipanda na mkewe, Lusiana, mwaka waliooana. Lusiana alifunga nguo zake kwenye kanga mbili.

"Baba Dickson, kuuza ningekusamehe," alisema. "Kuniapia kwamba hukusaini, hilo sitaliweza."

Akarudi kwao Likunja. Eusebio hakumzuia. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuutilia shaka mkono wake.

Siku za kukata rufaa zilikwisha Ijumaa. Jumatatu iliyofuata alikwenda parokiani kutengeneza taipureta ya Sista Koleta. Alibadilisha mkanda uliokatika, akatia mafuta, akachomeka waya. Kisha akaingiza karatasi safi na kuijaribu mashine kama alivyozijaribu zote kwa miaka ishirini: mstari mmoja juu kabisa, halafu akazungusha rola hadi mwisho wa karatasi, akapiga jina lake na kutia sahihi. Hivyo mteja aliona kwamba karatasi inapita yote bila kukwama, na akabaki na jina la fundi.

Sista aliipokea karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Fundi, nyie mna utajiri. Karatasi nzima kwa maneno haya?"

Alichukua mkasi, akaukata mstari wa juu, akauangusha kapuni.

"Hii bado inaandikika," alisema, akaiweka mezani mbele yake: nyeupe tupu, fupi kwa upana wa kidole, na chini kabisa jina la Eusebio na sahihi yake.