Maji ya Kumwogesha Mama

Fundi cherehani alikuwa amekunja mikono ya gauni lake hadi viwikoni na kubeba beseni la maji ya moto, kaka yake alipoziba mlango wa chumba cha mama yao mgonjwa.

"Uliondoka hapa mtoto wa kiume, umerudi na gauni. Sawa, macho yangu yamevumilia. Lakini mwanamume hamwogeshi mama yake."

"Mimi si mwanamume, kaka. Nilikwambia tangu tukiwa wadogo."

"Hayo kawaambie wateja wako."

Beseni lilimchoma vidole. Hakulitua. Alijua akilitua tu, miguu itamrudisha alikotoka.

"Mama hajaoga tangu juzi," alisema. "Nipishe, la sivyo tutaoga wewe na mimi hapahapa."

Kaka aliyatazama maji yanavyofuka moshi, akasogea kidogo. Fundi akajipenyeza.

Kitandani, mama aliyekuwa haoni vizuri aligeuza uso. "Nani huyo?"

Fundi alitua beseni kando ya kitanda. "Binti yako, mama."

Mama aliinua mkono hadi kifuani. Kisha vidole vyake vikaanza kupapasa kifungo cha kwanza cha blauzi yake.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Wanaume wabaki nje."