Ukuta Unaojiziba

Nyundo ilipoanza kudunda, majirani walitoka nje wamekunja nyuso.

"Huyo tena," alisema muuza mkaa. "Atatuzamisha sote."

Ukuta ule ndio uliozuia mto usiingie majumbani mwao. Ulijengwa kwa zege la kisasa: ukipata ufa, vijidudu vilivyochanganywa ndani yake huamshwa na maji ya mvua, hutoa chokaa, na ufa hujiziba wenyewe. Kampuni iliyoujenga ilijisifu kwamba upande huo wa mtaani ulimiminwa kwa mpigo mmoja, bila kusimama, ili kuwahi masika.

Mwenye nyundo, mshonaji wa mtaani, aliujua ukuta kuliko wote. Kila alipoupasua, mvua ilinyesha, ukuta ukapona. Naye alirudi na patasi yake, palepale, usawa wa kifua. Machozi yalishamwishia. Zilibaki hasira.

Safari hii majirani walimwita mhandisi, kijana mpole aliyehamishiwa pale mwaka huo.

"Shikamoo mama."

"Sina marahaba ya kukupa."

"Najua una uchungu. Wamenieleza kuwa mzee wako alikuwa fundi hapa, akateleza wakati wa ujenzi, mto ukamchukua. Lakini ukuta una kosa gani? Yaliyokutenda ni maji."

"Nani alimwona akielea?"

Kijana aliutazama mto. Alikuwa amesikia kwamba walimtafuta hadi mto unapoishia, wasipate hata kiatu.

"Mwambie aache, ana wazimu," muuza mkaa alifoka. "Wanangu wanalala nyuma ya ukuta huu."

"Na mume wangu je?" mshonaji alimgeukia. "Wewe ulikuja msibani kwangu, ukala, ukanywa. Ulizika nini?"

Mhandisi naye alianza kupandwa na hasira. Alitoa kwenye mkoba kipimo kinachoona ndani ya zege.

"Ngoja nione umetuharibia kiasi gani."

"Pima," mshonaji alisema, akampisha. "Hilo ndilo ninalowaomba tangu mwanzo. Pima."

Mhandisi alikipitisha polepole juu ya ufa. Akasita. Akakishusha chini, akakirudisha juu, akafuta kioo kwa shati lake na kutazama tena. Majirani walisogea mmoja mmoja nyuma yake, wakachungulia.

Ndani kabisa ya zege gumu palikuwa na uwazi: kichwa, mabega, na mkono mmoja ulionyooshwa juu.