Gari la Kliniki

Muuzaji aliukunjua ubao wa chuma wa kupandishia kiti kutoka nyuma ya gari, ukateremka polepole hadi ukagusa sakafu ya vigae. Mama aliinama kwenye kiti chake cha magurudumu, akaupapasa ukingo wake kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Mkiagiza leo, litafika mwezi ujao," alisema muuzaji.

"Tutaagiza Desemba," alijibu kifungua mimba wa Mama. "Mwaka ukiisha, magari ya toleo la mwaka huo hushuka bei. Anayeagiza mwezi wa sita ni mjinga."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na muuzaji hakumpinga.

"Na kliniki ya Mama je?" aliuliza dada yake. "Mpaka Desemba nimbebe mgongoni?"

"Wewe nawe kwa kupenda makuu. Teksi zimekwisha?"

"Pesa ni za Mama, kaka. Zinakuwasha nini?"

Kaka alimgeukia muuzaji. "Hilo la Desemba liwe la kawaida tu. Huo ubao hatutauhitaji."

Dada yake alifumba macho. Muuzaji alianza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Vidole vya Mama viliendelea kuufuata ukingo wa chuma, bila haraka, mpaka ukaisha.

"Andika leo, mwanangu," alimwambia muuzaji. "Na ubao uwemo."

"Mama, mimi nilikuwa nasema tu kwamba..."

"Nyamaza. Naongea na mwanangu."